XML kwa Anayeanza: Daftari la Wanafunzi wa Zamani

Katika likizo ya mwezi wa nane nalibaki shuleni pamoja na wenzangu wawili ili tunakili daftari la wanafunzi wa zamani na kulitia katika kompyuta. Daftari hilo ni vitabu vitatu vya jalada gumu, vilivyoandikwa kwa mikono ya watu wengi, na kimoja kimekwisha kuliwa na mchwa pembeni. Tulidhani ni kazi ya juma moja. Tulipofika mwisho wa juma la pili tuliona ya kwamba tumeandika mengi na hatuwezi kuyatumia. Vidole vyetu havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika namna tuliyoichagua ya kuandika. Katika kuitafutia dawa ndipo nilipojifunza XML, na Bwana Mhariri ameniomba niwaeleze wale ambao hawajaanza.

Tulikuwa tumeandika hivi: kila mtu mstari wake, na kila habari tumeitenga na mwenzake kwa mkato.

Petero,Fulani,1987,Cyangugu,seremala
Fulani,Yohani,1991,Kamembe,fundi saa, mwalimu
Yosefu,Fulani,,Bukavu,

(Majina ya kweli nimeyaacha. Fulani atutoshe.)

Mwanadamu akiitazama mistari hii huelewa karibu yote, maana amezoea kukisia. Kompyuta haikisii. Yenyewe huhesabu mikato tu: neno la kwanza, la pili, la tatu. Sasa tazameni. Kwetu Rwanda mtoto hapewi jina la ukoo kama desturi ya Ulaya. Ana jina lake la Kinyarwanda na jina la ubatizo, na kila mtu huyaandika kwa mpango aupendao. Katika mstari wa kwanza ubatizo umetangulia, katika wa pili umefuata. Tena yule wa mstari wa pili alikuwa na kazi mbili, na mkato ulio katikati ya kazi zake kompyuta iliuona kama mikato mingine yote, ikamhesabia habari sita badala ya tano.

Mwaka 1987 je? Mwaka wa kuingia au wa kumaliza? Katika kitabu cha kwanza mwandishi alitia mwaka wa kuingia, katika cha pili mwaka wa kumaliza. Sisi tulinakili vyote viwili katika nafasi moja. Basi tulipotaka orodha ya waliomaliza pamoja mwaka mmoja, tulipata watu wazima waliokwisha kuondoka pamoja na watoto waliokuwa wanaingia mlangoni siku ile.

Neno zito kuliko yote liko katika mstari wa tatu. Pale pana mikato miwili iliyofuatana, na katikati yake hamna kitu. Utupu huo wasema nini? Huenda mwandishi alisahau. Huenda mwanafunzi alihama shule, au karo ilimshinda. Na katika kurasa za miaka fulani yawezekana kuwa mwaka 1994 ulimkuta kabla hajamaliza. Mambo haya si mamoja, wala haifai kuyaandika kwa alama moja ya utupu, halafu baadaye mtu atume barua ya kumwalika kwenye sikukuu ya shule nyumbani kwa mama yake.

Hiyo ndiyo haja. Sasa somo lenyewe.

XML ni namna ya kuandika habari katika maandishi ya kawaida, na kila habari ikafungwa katikati ya lebo mbili zinazotaja ni habari ya nini. Aliyekwisha kusimama mpakani pale Rusizi ya Kwanza, akatazama magunia yanayokwenda Bukavu, ataelewa upesi. Gunia lisilo na lebo lazima lifunguliwe, mtu atie mkono aone kama ni maharagwe au ni unga. Gunia lenye lebo hupita. XML ni kulitia kila gunia lebo, na gunia dogo ndani ya gunia kubwa, na magunia yote ndani ya lori moja.

Hivi ndivyo tulivyomwandika tena yule mtu wa kwanza:

<?xml version="1.0" encoding="UTF-8"?>
<daftari>
  <mwanafunzi namba="41">
    <ubatizo>Petero</ubatizo>
    <jina-la-nyumbani>Fulani</jina-la-nyumbani>
    <kuingia>1981</kuingia>
    <kumaliza>1987</kumaliza>
    <makao>Cyangugu</makao>
    <kazi>seremala</kazi>
  </mwanafunzi>
</daftari>

Someni polepole. Mstari wa juu watangaza ya kwamba haya ni maandishi ya XML, na herufi zake zimehifadhiwa kwa mpango uitwao UTF-8. Chini yake ni lebo ya kufungua, <daftari>, na mwisho kabisa ni lebo ya kufunga, </daftari>. Tofauti yao ni ule mkwaju tu, yaani kistari kilichoinama. Lebo ya kufungua, lebo ya kufunga, pamoja na vyote vilivyo katikati, huitwa elementi. Elementi <daftari> imezichukua nyingine zote tumboni, kwa hiyo yaitwa mzizi. Maneno namba="41" yaliyo ndani ya lebo ya kufungua huitwa sifa.

Majina ya lebo nimeyachagua mimi. Hapa wanaoanza hushangaa sana. Watu wengi wamekwisha kuona HTML, ambayo lebo zake zimepangwa tangu zamani na vivinjari vyazijua: hii ni aya, hii ni picha. XML haina lebo hata moja ya kuzaliwa nayo. Yenyewe ni sheria ya kutengeneza lebo, na kila mtu hutengeneza zinazofaa kazi yake, kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, au kwa lugha nyingine yoyote. Kwa sababu hiyo XML peke yake haimaanishi kitu mpaka anayeandika na anayesoma wamepatana juu ya majina. Nikiandika <kumaliza> na wewe programu yako inatafuta <mwaka-wa-mwisho>, hatutaonana kamwe.

Asili yake ni ndefu kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1969 watu watatu wa kampuni ya IBM huko Marekani, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie, walitengeneza lugha ya lebo kwa ajili ya hati za sheria, wakaiita GML, herufi ambazo ndizo za kwanza za majina yao ya ukoo. Kutoka humo ikatokea SGML, iliyokubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1986. SGML ilikuwa na nguvu nyingi na uzito mwingi. Basi kamati ya W3C, ambayo ndiyo inayoangalia kanuni za mtandao, ikiongozwa katika kazi hiyo na Jon Bosak, iliipunguza, na tarehe 10 Februari 1998 ikatangaza XML. Walioitengeneza walisema waziwazi kwamba walitaka maandishi yasomeke na mwanadamu, na kwamba ufupi hawakuuhesabu kuwa jambo kubwa. Nami naona walisema kweli: ukiandika XML kwa mkono utachoka kuandika kila jina mara mbili.

Sasa sheria. Ni chache, lakini hazina huruma.

Kila kilichofunguliwa kifungwe. Kilichofunguliwa mwisho kifungwe kwanza, kama masufuria yanavyoingiana: huwezi kufunika sufuria kubwa na ile ndogo ikabaki nusu ndani nusu nje. Kwa hiyo <a><b></b></a> ni sawa, lakini <a><b></a></b> ni kosa. Mzizi uwe mmoja tu. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili, hata <Kazi> haifungwi na </kazi>. Jina la lebo lisianze kwa tarakimu wala lisiwe na nafasi ndani yake. Ndiyo maana nimeandika jina-la-nyumbani kwa vistari. Thamani ya sifa ikae ndani ya alama za mtajo daima, hata ikiwa ni namba. Elementi isiyo na kitu ndani yaweza kuandikwa kwa ufupi kwa mkwaju mwishoni, hivi: <kazi/>.

Iko sheria nyingine iliyonila saa nzima. Alama ya < ndiyo inayoanzisha lebo, na alama ya & ina kazi yake pekee; basi hazifai kuandikwa ovyo katika habari. Mmoja wa kaka zetu aliandikisha duka lake kwa jina la "Fulani & Wanawe". Kompyuta ilifika kwenye & ikagoma. Dawa yake ni kuandika Fulani &amp; Wanawe. Kadhalika alama ya < huandikwa &lt; ikiwa ni sehemu ya habari.

Na jingine lipasalo shule zetu, kwa kuwa majina mengi ya ubatizo hapa ni ya Kifaransa. Ikiwa mstari wa juu wasema UTF-8, faili nayo lazima ihifadhiwe kwa UTF-8. Mwenzangu mmoja alihifadhi faili yake kwa mpango wa zamani wa Windows. Petero na Yosefu walipita salama. Alipofika André, ile é yake haikusomeka na kazi yote ikasimama. Tena mstari huo wa juu uwe wa kwanza kweli. Hata mstari mmoja mtupu juu yake ni kosa.

Programu inayosoma XML huitwa kichanganuzi. Kwa amri ya kanuni, kichanganuzi kikikuta maandishi yaliyovunja mojawapo ya sheria hizi lazima kikatae, kisiendelee kana kwamba ni mazima. Wengi huona hiyo ni ukali usio na maana, hasa wakikumbuka kwamba kivinjari husamehe HTML iliyoandikwa vibaya na kuonyesha kile kinachowezekana. Mimi nami nilinung'unika. Lakini nilipokumbuka ile mistari yetu ya mikato niliacha kunung'unika. Yule Yohani mwenye kazi mbili alikuwa amesomwa vibaya kwa juma zima na hakuna kitu kilicholia. Kazi ya pili ilisukumwa nje ya safu yake kimya kimya. Afadhali mashine inayogoma mchana kuliko ile inayokubali na kukudanganya.

Shauri moja juu ya makosa. Kichanganuzi kikikuta lebo hazilingani hukutajia namba ya mstari. Usiamini ya kwamba kosa liko katika mstari huo. Ukisahau kufunga <ubatizo>, kichanganuzi hakitajua papo hapo, maana yawezekana unataka kutia elementi nyingine ndani yake. Kitaendelea kushuka, kitapita kuingia na kumaliza na makao, mpaka kikute </mwanafunzi>, ndipo kiseme: nilikuwa nangojea kufungwa kwa ubatizo. Basi kosa hutajwa pale lilipogunduliwa, nalo lilitendwa juu zaidi. Panda juu kutoka mstari uliotajwa, utalikuta.

Turudi kwenye ule utupu. Katika XML tulipatana kuuandika hivi:

<kumaliza hali="haujulikani"/>

kwa yule ambaye kitabu hakisemi neno juu yake, na hivi:

<kumaliza hali="hakumaliza"/>

kwa yule ambaye kitabu chenyewe, au mtu aliyemjua, ametuambia kwamba hakumaliza. Sasa ni vitu viwili, na kompyuta haiwezi kuvichanganya. Najua ya kwamba lebo haileti habari ambayo haimo kitabuni. Lakini imetulazimisha sisi waandishi kuuliza kila mara: huyu hatumjui, au twajua? Kabla ya hapo tulikuwa twapita tu. Siku tulipoanza kuuliza, mwendo wetu ulikuwa wa kurasa nne kwa asubuhi, na mara mbili tulikwenda kumwuliza mzee mmoja anayekumbuka.

Hata mahali palitusumbua. Mtu aliyeandika "Cyangugu" mwaka 1987 huenda alikuwa na maana ya mji ule ulio kando ya ziwa Kivu, au mkoa mzima wa Cyangugu, ambao ulikwisha mwaka 2006 mipaka ilipopangwa upya, na sehemu yake leo ni wilaya ya Rusizi na sehemu nyingine ni Nyamasheke. Hatukubadili neno lake. Tuliacha <makao> kama alivyoandika, na palipojulikana tukaongeza elementi ya pili, <wilaya-ya-sasa>. Yohani naye alipewa <kazi> mbili, moja chini ya nyingine, bila mkato wowote.

Wengine huuliza lini atumie sifa na lini atumie elementi. Sheria hakuna. Mimi hutia katika sifa lile lisilo habari ya mtu mwenyewe bali ni alama ya kumtambulisha au kuieleza habari, kama namba au hali. Lile ambalo laweza kurudiwa, kama kazi, halifai kuwa sifa, maana sifa ya jina moja haiwezi kuwako mara mbili katika lebo moja.

Msije mkadhani kwamba haya ni mambo ya daftari letu tu. Programu ya ushuru iitwayo ASYCUDA World, iliyotengenezwa na shirika la UNCTAD na kutumiwa na nchi nyingi pamoja na Rwanda, hupokea habari za mizigo kwa XML. Hata insha mnazoandika kwa Microsoft Word ni XML kwa ndani. Jaribuni: nakilini faili moja yenye mwisho wa .docx, badilini mwisho huo wa ile nakala uwe .zip, ifungueni, kisha ingieni katika folda iitwayo word. Mtaikuta document.xml, na maneno yenu yako ndani yake, yamezungukwa na lebo tele.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ramani. OpenStreetMap ni ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na yeyote aweza kuichora na kuichukua bure. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliichora Kibera yao humo, mahali ambapo ramani nyingi ziliacha patupu. Mwaka 2015 ilianza Ramani Huria mjini Dar es Salaam, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wenyeji wa mitaa walichora njia na mifereji kwa sababu ya mafuriko. Ukichukua kipande cha mji wetu wa Kamembe kutoka katika ramani hiyo, utapewa faili ya XML yenye umbo hili (nimeifupisha sana, na namba za utambulisho nimezitia mwenyewe):

<osm version="0.6">
  <node id="1" lat="-2.46" lon="28.91">
    <tag k="name" v="Kamembe"/>
  </node>
  <node id="2" lat="-2.47" lon="28.90"/>
  <way id="9">
    <nd ref="1"/>
    <nd ref="2"/>
    <tag k="highway" v="residential"/>
  </way>
</osm>

Lebo ni za Kiingereza, lakini sasa mwaweza kuisoma. Node ni nukta moja juu ya ardhi; lat na lon ni latitudo na longitudo yake, na kistari cha kutoa mbele ya 2.46 chasema kwamba tuko kusini ya ikweta. Way ni njia. Tag yachukua habari mbili: k ni jina la habari, v ni habari yenyewe.

Tazameni jambo moja la werevu. Njia haikuzitia nukta zake tumboni. Imezitaja kwa namba tu, kwa nd ref. Kwa nini? Kwa sababu pale njia panda nukta moja ni ya njia mbili, na katika XML kitu kimoja hakiwezi kukaa ndani ya masufuria mawili. Ukiiandika mara mbili, siku moja mtu ataisogeza nakala moja na kuisahau ya pili, na njia zitaachana. Basi iandikwe mara moja, na wote waitaje kwa namba yake. Tulipoona hivyo, tuliwatengeneza tena wale kaka zetu waliorudia darasa. Kwanza tulikuwa tumewaandika mara mbili, katika darasa la mwaka huu na la mwaka uliofuata, kana kwamba ni watu wawili. Sasa kila mtu yuko mara moja na namba yake, na madarasa huzitaja namba.

Iliyobaki ni kuisomesha programu. Lugha ya Python inacho kichanganuzi ndani yake, hakuna haja ya kuongeza kitu. Hii ndiyo programu yangu ya kuwatafuta wale ambao mwaka wao haujulikani:

import xml.etree.ElementTree as ET

mzizi = ET.parse("daftari.xml").getroot()
for mtu in mzizi.findall("mwanafunzi"):
    jina = mtu.find("jina-la-nyumbani").text
    mwaka = mtu.find("kumaliza")
    if mwaka is None:
        print("Angalia:", jina)
    elif mwaka.get("hali") == "haujulikani":
        print(jina)

Amri ya parse husoma faili nzima na kuifanya kuwa mti, na getroot hukupa mzizi wake. Findall hukusanya watoto wote wa mzizi wenye jina lile; find hutafuta mmoja, wa kwanza. Neno .text hutoa maandishi yaliyo katikati ya lebo, na get hutoa sifa. Angalieni ule mstari wa None. Programu yangu ya kwanza haikuwa nao, na ilianguka ilipomfikia mtu ambaye mwenzangu alisahau kabisa kumtilia <kumaliza>. Find isipokuta kitu hurudisha None, na None haina sifa ya kuulizwa. Tena kumbukeni: kila kinachotoka katika .text ni maandishi. Ukitaka kutoa 1981 kutoka 1987, igeuze kwanza kwa int().

Kosa la namna ile, la elementi iliyosahauliwa, kichanganuzi hakilikamati, kwa kuwa maandishi hayakuvunja sheria yoyote ya XML. Yameandikwa vema na bado yamepungukiwa. Ili kulizuia huandikwa hati ya mapatano, nayo huitwa DTD, au schema, ambayo ni namna mpya zaidi ya mwaka 2001. Katika DTD ningeandika:

<!ELEMENT daftari (mwanafunzi+)>
<!ELEMENT mwanafunzi (ubatizo?, jina-la-nyumbani, kuingia, kumaliza, makao, wilaya-ya-sasa?, kazi*)>

Alama ya + yataka mmoja au zaidi, alama ya? huruhusu awepo au asiwepo. Nyota huruhusu wengi au hata bila. Lisilo na alama ni la lazima. Mkisha andika hivyo, lazima mtumie kichanganuzi kinachokagua. Kile cha Python nilichokitaja hakikagui mapatano, husoma tu.

Mtu ataniuliza kwa nini nisitumie JSON, ambayo siku hizi programu nyingi za mtandao huipenda, maana ni fupi na nyepesi. Swali ni la haki. Kwa habari zinazopita haraka kati ya programu mbili, mimi pia ningetumia JSON. Lakini katika vitabu vyetu kuna maelezo marefu pembeni, yenye majina na miaka katikati ya sentensi, nasi twataka kuziwekea lebo sehemu hizo bila kuivunja sentensi ya mwandishi. Kwa kazi ya namna hiyo XML ni bora zaidi, kwa kuwa tangu mwanzo ilizaliwa kwa ajili ya hati.

Sasa zoezi kwa wanaoanza. Maandishi haya yana makosa sita. Yatafuteni kwa kalamu kabla ya kuipa kompyuta, kwa maana yenyewe itawaonyesha moja moja tu na kusimama:

<daftari>
  <mwanafunzi namba=7>
    <Ubatizo>André</ubatizo>
    <jina la nyumbani>Fulani</jina la nyumbani>
    <kazi>Fulani & Wanawe</kazi>
    <kuingia>1979<kumaliza>1985</kuingia></kumaliza>
  </mwanafunzi>

Mpaka leo tumemaliza kitabu cha kwanza na nusu ya kile cha pili. Niliiendesha programu ile juzi usiku, ikatoa majina 17 ya watu ambao mwaka wao wa kumaliza haujulikani. Nimeyaandika kwa mkono katika karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa maktaba. Kaka zetu mliosoma hapa, mkipita shuleni siku ya mkutano wenu, tafadhali isomeni. Kando ya kila jina nimeacha nafasi ya mstari mmoja.